Wadudu wa Jangwani Hustahimilije Jua Kali?
Maarifa yao yamfaa nini mwenye ghala la mahindi

Kiplombe, pembeni mwa mji wa Eldoret, ni nchi ya baridi. Iko kiasi cha meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana kwa kawaida halizidi sana nyuzi 24 au 25. Asubuhi watu huvaa makoti, na jua la saa sita ni jambo la kupendeza. Lakini mtu akishika njia ya Iten, akashuka ukingo mkubwa wa Elgeyo mpaka bonde la Kerio, ataona nchi nyingine kabisa: miti ni ya miiba, ardhi ni nyekundu na kavu, na hewa ni ya moto. Na akisafiri kwa njia ya Kitale na Kapenguria mpaka Lodwar, katika Turkana, atafika mahali ambapo joto la mchana huwa karibu na nyuzi 35 katika miezi yote ya mwaka, na mvua ya mwaka mzima haifiki mbali kupita milimita 200. Eldoret kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,000.

Katika nchi hizo za joto, saa sita mchana mbuzi husimama chini ya mgunga, na mchungaji naye hukaa kivulini pamoja nao. Hapana mtu apendaye kukanyaga mchanga kwa miguu mitupu. Walakini juu ya mchanga ule ule, na chini yake, wamo wadudu wengi ambao hiyo ndiyo nchi yao. Wanazaliwa humo, wanakula, wanazaa, na wengine hawaonji tone la maji ya kunywa maisha yao yote. Wanawezaje?

Jambo hili si la kustaajabisha tu. Mkulima wa Kiplombe anayevuna mahindi yake na kuyatia ghalani anapigana kila mwaka na wadudu wenye silaha zile zile za jangwani. Ajuaye jinsi mdudu anavyopona na ukavu, ajua pia mahali pa kumpiga.

SHIDA MBILI KWA PAMOJA

Kwanza yafaa tufahamu shida yenyewe. Mwanadamu akishikwa na joto hutoka jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi huchukua joto na kulipeleka hewani, na mwili hupoa. Njia hii ni nzuri, lakini inahitaji maji mengi. Mtu mwenye kilo 60 anaweza kupoteza lita moja ya jasho, akanywa maji, akaendelea na kazi.

Mdudu hawezi kufanya hivyo. Mwili wake ni mdogo mno. Kitu kidogo hupata moto upesi na kukauka upesi, kama vile kipande kidogo cha nyama kiangikwacho juani kinavyokauka kabla ya paja zima. Mdudu akijaribu kujipoza kwa jasho atakwisha maji yote kabla jua halijapinda. Kwa hiyo wadudu wa jangwani wana shida mbili kwa wakati mmoja: wasiungue, na wasikauke. Na kila dawa ya shida ya kwanza sharti isiharibu ya pili.

Tena lazima tujue ya kuwa hewa na ardhi havina joto moja. Hewa ikiwa na nyuzi 38, mchanga ulio wazi juani huweza kupita nyuzi 60. Lakini ukichimba kiasi cha urefu wa mkono, utakuta ubaridi wa kutosha. Na juu kidogo ya mchanga, hata kwa upana wa kidole, hewa imekwisha kupungua joto. Kwa mtu tofauti hizi si kitu, lakini kwa mdudu ni tofauti ya uzima na mauti.

KUKIMBIA JUA

Njia ya kwanza ni ile aitumiayo mchungaji mwenyewe: kuondoka juani. Wadudu walio wengi wa nchi kavu hutoka usiku, au alfajiri na jioni, na mchana kutwa hukaa shimoni, chini ya jiwe, au katika mizizi ya nyasi. Mtu apitaye mchana jangwani hudhani hapana kiumbe, lakini akija na taa usiku atashangaa.

Mchwa wamepita wote kwa ujenzi. Mchwa ana ngozi laini, na akiwekwa juani hufa upesi sana. Hata hivyo nchi kavu za Kenya zimejaa vichuguu. Siri yao ni kwamba hawatoki nje ya nyumba yao; hata wanapokwenda kula hujenga kwanza dari ya udongo na kupita chini yake. Ndani ya kichuguu hewa ina unyevu mwingi, na katika vyumba ambamo hulima ukungu wao wa chakula joto hukaa karibu na nyuzi 30, kwa kuwa kiota kiko chini ya ardhi na kuta zake ni nene. Karibu na ziwa Baringo, upande wa Marigat, viko vichuguu vyenye mabomba marefu yaliyo wazi juu kama dohani ya jiko, ambayo hupitisha hewa ya ndani kwenda nje. Na kumbikumbi hawaruki ila mvua imenyesha, ndipo ngozi zao zisikauke na ardhi iwe laini ya kuchimba.

MIGUU MIREFU NA VAZI LA FEDHA

Lakini wako wadudu wasiokimbia jua. Katika jangwa la Sahara yuko sisimizi mmoja ambaye hutoka shimoni saa sita ya mchana, wakati mijusi wamekwisha kukimbilia mashimoni kwa joto. Mjusi ndiye adui yake. Basi sisimizi huyu ameichagua saa ambayo adui hawezi kuivumilia. Hutoka kwa dakika chache tu, hukimbia huku na huku akitafuta wadudu wengine waliokufa kwa jua, hubeba windo lake na kurudi. Mwili wake huweza kustahimili kiasi cha nyuzi 53. Likizidi hapo naye hufa, kwa hiyo hana nafasi ya kupotea njia.

Silaha zake ni nne. Ya kwanza ni miguu mirefu, ambayo huinua mwili mbali na mchanga, mpaka penye hewa iliyopoa kidogo. Ya pili ni mbio. Ni katika sisimizi wenye mbio kupita wote waliopimwa duniani. Ya tatu ni vazi lake. Mwili wake umefunikwa kwa vinyweleo ving'aavyo kama fedha. Mwaka 2015 wataalamu walivitazama kwa hadubini wakaona ya kuwa kila kinyweleo kina pande tatu, na kwa umbo hilo hurudisha nuru ya jua, na tena husaidia mwili kutoa joto lake kuelekea mbinguni. Ya nne haionekani kwa macho. Joto kali huharibu protini za mwili, kama vile ute wa yai unavyoganda katika sufuria. Viumbe wote wana protini nyingine za ulinzi, ambazo kazi yake ni kushika zile zinazoanza kuharibika. Viumbe wengi huzitengeneza baada ya kupata joto. Sisimizi huyu hutengeneza zake kabla hajatoka shimoni, kama mtu anayefunga mkanda kabla ya vita.

KUTUNZA MAJI KAMA MALI

Sasa tuje katika shida ya pili, yaani ukavu. Na hapa ndipo penye mafundisho makubwa kwa mkulima.

Mwili wa mdudu umefunikwa kwa gamba, na juu ya gamba iko nta nyembamba mno, nyembamba kupita karatasi yo yote. Nta hii ndiyo inayozuia maji ya mwili yasitoke. Mwaka 1945 bingwa wa elimu ya wadudu, Bwana Vincent Wigglesworth wa Uingereza, alionyesha mambo mawili juu yake. Jambo la kwanza ni kwamba nta ya kila mdudu ina kiwango chake cha joto; joto likipita kiwango hicho, nta hulegea na maji huanza kutoka kwa wingi. Wadudu wa mahali pakavu wana nta ngumu zaidi, ambayo hulegea katika joto la juu. Jambo la pili ni kwamba vumbi kali lenye punje ndogo sana likimkwaruza mdudu, nta hutoboka, na mdudu hukauka akafa hata pasipo sumu yo yote. Msomaji ashike jambo hili la pili, tutalirudia.

Lakini gamba lisilopitisha maji halitoshi, maana mdudu lazima apumue. Hana mapafu. Ana vitundu vidogo ubavuni mwa mwili; nzige, kwa mfano, ana jozi 10. Kila kitundu kina mlango wake. Mdudu wa nchi kavu akiwa ametulia hufunga milango hiyo na kuifungua kwa kiasi tu, ili hewa iingie na unyevu usipotee.

Wako mbawakawa wa jangwani, yaani wadudu wenye mabawa magumu ya juu kama gamba la kobe, ambao hawaruki tena. Mabawa yao yameshikana yakawa kifuniko, na chini ya kifuniko pamebaki nafasi yenye hewa. Vitundu vingi vya pumzi hufunguka ndani ya nafasi hiyo, si nje katika upepo mkavu. Tena nafasi hiyo huzuia joto la jua lisifike upesi mwilini, kama dari chini ya paa la mabati.

Halafu kuna uchafu wa mwili. Mnyama akikojoa hupoteza maji. Mdudu hutoa uchafu wake kwa namna ya unga mkavu mweupe, na sehemu ya mwisho ya utumbo wake hufyonza maji karibu yote kabla choo hakijatoka. Katika ukoo wa mbawakawa wa jangwani chombo hiki ni cha ajabu: mirija inayochuja uchafu wa damu imejikunja na kushikamana na utumbo wa mwisho, na pamoja hunyonya maji kwa nguvu hata choo hutoka kikavu kabisa.

Na maji yenyewe hutoka wapi? Wengine huyapata katika majani na damu ya windo. Katika jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, yuko mbawakawa anayepanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri ukungu unapotoka baharini, akasimama kichwa chini na mkia juu. Ukungu huganda mgongoni mwake ukawa matone, na matone hutiririka mpaka kinywani. Habari hiyo iliandikwa na wataalamu mwaka 1976. Lakini wengi hutengeneza maji ndani ya miili yao. Chakula kikiunguzwa mwilini kwa oksijeni ya hewa, hidrojeni iliyomo katika chakula huungana na oksijeni ikawa maji. Gramu 100 za mafuta zikiunguzwa hivyo hutoa maji gramu 100 na zaidi kidogo. Kwa hiyo mdudu anayekula kitu kikavu kabisa anaweza kupata kinywaji chake humo humo, madhali anayo hewa ya kuunguzia. Hili nalo msomaji alishike.

ALIYEKAUKA WALA HAKUFA

Yuko mmoja ambaye ameshinda kwa njia ya kushindwa. Ni mdudu mdogo afananaye na mbu, lakini haumi. Anapatikana katika nchi za Afrika zenye kiangazi kirefu, kama kaskazini ya Nigeria na Uganda. Mabuu yake hukaa katika vidimbwi vya maji ya mvua juu ya miamba. Jua likikausha kidimbwi, buu naye hukauka, mpaka maji yaliyobaki mwilini ni kama sehemu 3 tu katika 100. Hapumui wala hali. Ni kama punje ya mchanga. Mvua ikinyesha, hulowa, na baada ya muda mfupi huanza kutambaa.

Bwana H. E. Hinton wa Uingereza alieleza habari za mdudu huyo mwaka 1951, na mwaka 1960 akaandika ya kuwa buu aliyekauka aliweza kuvumilia kwa dakika moja joto la nyuzi 102, lipitalo maji yachemkayo. Wako waliolowekwa baada ya miaka 17 wakahuishwa. Siri yao ni sukari iitwayo trehalosi, ambayo buu huitengeneza kwa wingi anapokauka. Huchukua mahali pa maji na kushika sehemu za mwili zisivunjike.

NZIGE: MTOTO WA JANGWA AJAYE MASHAMBANI

Katika wadudu wote wa jangwani, ambaye watu wa Afrika ya Mashariki wanamjua zaidi ni nzige. Asili ya balaa iliyoonekana mwaka 2020 ilikuwa katika mchanga wa Arabuni. Mwaka 2018 tufani mbili, ya mwezi wa Mei na ya mwezi wa Oktoba, zilileta mvua kubwa katika jangwa la Robo Tupu, kati ya Oman, Yemen na Saudi Arabia. Nzige walizaana humo pasipo kuonekana na mtu. Tarehe 28 Desemba 2019 makundi yaliingia Kenya kutoka Somalia, na nchi haikuwa imeona balaa kama hiyo kwa miaka 70. Mwezi wa Februari 2020 yalifika Uganda. Vita hivyo viliendelea mpaka mwaka 2021.

Nzige mzima ana uzito wa gramu 2 hivi, na kwa siku moja hula kadiri ya uzito wake. Kundi la kilometa moja ya mraba huwa na nzige milioni 40 mpaka 80, na kundi dogo la namna hiyo kwa siku hula chakula kiwezacho kutosha watu 35,000.

Maisha yake yote yanafuata jua. Jike hatagi mayai juu ya ardhi, bali husukuma mkia wake katika mchanga wenye unyevu, akayaweka kiasi cha sentimeta 5 mpaka 10 chini, mbali na moto wa juu. Mayai nayo hunywa maji ya mchanga kadiri ya uzito wao wenyewe. Bila unyevu huo hayaanguliki. Ndiyo sababu mvua ya jangwani ni mama wa nzige. Tunutu, yaani watoto wasio na mabawa, asubuhi hukaa ubavu kwa jua ili wapate moto upesi. Mchana jua likiwa kali hupanda juu ya majani, hunyosha miguu ili kuinua miili, na kulielekezea jua uso wao tu, maana uso ni mdogo kuliko ubavu. Hivyo kiumbe kile kile, kwa kugeuka tu, hujipasha moto au hujipoza.

Nzige wenye mabawa hawawezi kusafiri mwendo mrefu hewa ikiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Usiku hulala juu ya miti, na asubuhi hungoja mpaka jua liwapashe moto, saa mbili au tatu baada ya mapambazuko, ndipo waruke. Hapo penye udhaifu wao ndipo wanapopigwa. Watu wa kuzuia nzige hupenda kunyunyiza dawa alfajiri na mapema, kundi likiwa bado limelala kwa baridi. Mwananchi anayeona kundi limetua jioni asingoje kesho adhuhuri kutoa habari. Aitoe usiku ule ule kwa chifu au afisa wa kilimo, maana baada ya saa tatu asubuhi huenda likawa limekwisha kuruka, na siku moja kundi huweza kwenda kilometa 150.

Katika elimu hii Mwafrika naye ana sehemu yake. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya Bwana Wigglesworth yule tuliyemtaja, na kazi yake ya uchunguzi ilikuwa juu ya nzige wa jangwani. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kile kituo cha uchunguzi wa wadudu kinachojulikana kwa jina la ICIPE, ambacho mpaka leo hufundisha wataalamu wa Afrika.

GHALA LA MAHINDI NI JANGWA DOGO

Sasa turudi Kiplombe. Mvua ni nyingi, nyasi ni mbichi, na baridi ni ya kutosha. Jangwa liko wapi? Liko ndani ya ghala.

Mahindi yaliyokauka vizuri hayana maji zaidi ya sehemu 13 na nusu katika 100, na hicho ndicho kipimo cha Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Ndani ya gunia hakuna tone la kunywa kwa miezi minane au tisa. Kiumbe awezaye kuishi humo lazima awe na nta ya kuzuia maji, milango ya pumzi, choo kikavu, na ufundi wa kutengeneza maji katika chakula. Fukusi anavyo. Dumuzi, ambaye Kenya wengi humwita Osama, anavyo. Na yule mdudu mdogo mwekundu wa unga ni wa ukoo mmoja kabisa na mbawakawa wa jangwani, na ule utumbo wa kunyonya maji anao vile vile.

Basi tunaweza kuwavua silaha hizo moja moja.

Silaha ya kwanza ni nta. Bibi zetu walichanganya majivu na nafaka, na vijana wengine wakacheka. Lakini majivu makavu yaliyochekechwa huwa kama vumbi lile la Bwana Wigglesworth: hukwaruza nta ya mdudu na kuinyonya, naye hukauka. Vumbi la diatomaiti hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi. Ni udongo mweupe uliotokana na magamba ya mimea midogo mno ya majini, na hapa Kenya huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Litumiwe lile lililotengenezwa kwa nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa, na mwenye kulichanganya afunge pua na kinywa kwa kitambaa. Yafaa kukumbuka mambo mawili. Vumbi hushindwa katika nafaka yenye unyevu, kwa kuwa mdudu anayepoteza maji huyapata tena kwa kula. Tena dumuzi hukaa ndani ya punje aliyoitoboa, na vumbi humfikia kwa shida.

Silaha ya pili ni kuvumilia joto. Mafukusi huzaana vizuri kati ya nyuzi 25 na 33. Kwa hiyo baridi ya Kiplombe huwachelewesha, lakini haiwaui. Joto la nafaka yenyewe likifika kati ya nyuzi 50 na 60, wadudu wengi wa ghala hufa kwa muda mfupi. Kuanika juu ya turubai tu hakutoshi, maana fukusi mzima hutembea akaenda kivulini, na buu hubaki salama ndani ya punje. Lakini nafaka ikitandazwa kwa wembamba juu ya karatasi nyeusi ya plastiki na kufunikwa kwa nyingine isiyo na rangi, kingo zikashikwa kwa mawe, jua la siku ya wazi hufungiwa ndani kama motoni. Kwa kunde imeonekana ya kuwa nyuzi 57 kwa saa moja huua wadudu wote, mayai na mabuu pamoja. Njia hii ni ya chakula tu. Mbegu za kupanda zisitiwe katika joto hilo, kwani huenda zisiote vizuri.

Silaha ya tatu, iliyo kubwa, ni ile ya kutengeneza maji. Tulisema mdudu huhitaji oksijeni ili chakula kimpe maji. Basi akifungiwa mahali pasipoingia hewa, oksijeni iliyomo huitumia mwenyewe ikapungua, na kisima chake hukauka. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza ya kuwa wadudu wa kunde waliofungiwa hivyo huacha kula, na hatimaye hufa kwa ukavu. Hiyo ndiyo kazi ya mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa sasa madukani: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia moja. Hujazwa, hewa hukamuliwa, na kila mfuko hufungwa peke yake kwa nguvu. Haihitaji dawa ya sumu. Lakini tundu moja dogo huirudishia hewa, basi ikaguliwe kabla ya kujazwa, na isifunguliwe ovyo ovyo.

NAFAKA IKAUKE KWANZA

Yote haya yana sharti moja: nafaka iwe kavu. Mahindi mabichi yakifungwa katika mfuko usiopitisha hewa huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu ya aflatoksini, isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Kuvuna kwa haraka na kuhifadhi kwa haraka si faida.

Asiye na kipimo cha unyevu atumie chupa na chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa itiwe mahindi mpaka theluthi moja, na chumvi kavu vijiko viwili vitatu. Ifungwe, itikiswe kwa dakika moja, iachwe itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, na hayana budi kurudi juani. Isiposhikamana, maji yake yamepungua chini ya kiwango hicho. Yaanikwe tena siku moja au mbili yafike 13 na nusu, au yapelekwe penye kipimo cha hakika.

Mdudu wa jangwani hana nguvu wala ukubwa. Amepona kwa kujua saa ya kutoka na saa ya kukaa, kwa kutunza kila tone, na kwa kujitayarisha kabla joto halijamfikia. Fukusi wa ghalani ana urithi uo huo, na hataupoteza kwa kulaaniwa. Mwenye mahindi akiyakausha sawasawa, akayasafisha, akachagua mapema kati ya vumbi, jua na mfuko usioingiza hewa, atakuwa amekwisha kumtangulia adui yake, na watoto wa nyumba yake watakula mavuno yao mpaka mavuno mengine.